Gobori, moshi na risasi tano kwa mpigo

Jina la kituo cha reli cha Mackinnon Road latokana na barabara ya mikokoteni ya Sir William Mackinnon, iliyoanza kupasuliwa mwaka 1890 kutoka pwani kwenda bara. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, kituo hiki kilikuwa kwenye reli ambayo doria za Wajerumani zilivuka nyika isiyo na maji kuja kuilipua. Doria ya watu wachache ilipokutana na walinzi wa reli, yote yalitegemea nani atapakia bunduki upesi.

Kizazi kimoja tu nyuma, eneo hili la Kwale lilipigana kwa magobori. Wafuasi wengi wa Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi walikuwa nayo Waingereza walipoishambulia ngome yake ya Mwele, Agosti 1895. Kulipakia gobori kulikuwa kazi ya kusimama: baruti mdomoni mwa mtutu, tambara, kisha risasi, ushindilie kwa mdeki, ndipo uweke fataki. Hodari alifyatua mara mbili au tatu kwa dakika, na mdeki ukisahaulika mtutuni, huruka pamoja na risasi. Upande wa Waingereza kulikuwa na bombomu, bunduki za kufyatua mfululizo. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani huko Moa.

Askari wengi wa Kijerumani waliingia vita vya 1914 na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linakutaja ulipo. Ndiyo maana ushindi wao wa Tanga, Novemba 1914, uliwafaa kuliko sifa zake: bunduki za kisasa walizoziacha Waingereza zilitosha kuzipa silaha kampuni tatu.

Lee-Enfield ya Waingereza ilibeba risasi 10, zikiingizwa kwa klipu mbili za tano tano. Kipimo cha jeshi lao kilikuwa risasi 15 zenye shabaha kwa dakika, yadi 300. Kasi hiyo hailetwi na pupa. Kitako kinabaki begani, jicho halitoki kwenye shabaha, vidole vinavuta na kusukuma komeo. Klipu inakaa wima, na dole gumba linazisukuma risasi zote tano kwa mpigo mmoja. Klipu ikipinda, risasi hukwama, na hapo kasi yote ni bure. Zoezi lilirudiwa kwa risasi bandia mpaka mkono uifanye kazi gizani.

Hata hivyo mkono mwepesi haumwokoi mtu kila mara. Arthur Wavell, aliyeunda kikosi cha Waarabu Mombasa na kupigana pamoja na askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, kuilinda Gazi mwaka 1914, aliuawa Mwele Ndogo Januari 1916, katika nchi ileile alikotimuliwa Mbaruk.

Kinachonivutia zaidi ni meli Rubens iliyowaletea Wajerumani silaha, iliyopigwa na manowari ya Waingereza Aprili 1915 ikakwama ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wajerumani waliopoa humo bunduki na shehena kubwa ya risasi, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamezipenya. Ikabidi risasi zifumuliwe, baruti ikaushwe, kisha ziundwe upya kwa mkono. Zilizobaki na unyevu hazikulipuka, na askari aliyefunzwa kupakia haraka akalazimika kuvuta komeo, kuitupa ile mbovu na kuanza tena.