PuTTY ilivyopasuliwa na kuungwa upya

Julai 2025 mafundi wa kompyuta walikutana na kioja. Anwani ya putty.org, ambayo wengi waliidhania kuwa ndiyo makao ya PuTTY, ilikuwa imejaa hoja za kupinga chanjo za korona. Hapo ndipo walipogundua kwamba anwani hiyo haikuwahi kuwa ya watengenezaji wa programu. Ilikuwa mikononi mwa mtu mwenye biashara ya programu shindani. Watengenezaji wenyewe, Simon Tatham na wenzake, wakafungua anwani yao, putty.software, na ukurasa wao wa zamani kwenye seva iitwayo chiark ukabaki palepale ulipokuwa.

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, kelele hizo hazikusikika sana. Huku PuTTY hurithiwa kuliko inavyopakuliwa: fundi humpa mwenzake kwenye flashi, faili moja ndogo isiyohitaji hata kusakinishwa. Nani aliiandika, na toleo hilo ni la lini, haulizi mtu.

Kwa asiyeijua, kazi yake ni hii. Fundi aliyeketi mtaa wa Mulongwe hapa mjini, mwenye seva ya kutengeneza Bukavu au Kinshasa, hana haja ya kupanda gari. Anafungua dirisha jeusi, anaandika jina la seva, anaingiza nywila, na kila herufi anayobonyeza inasafiri ikiwa imefumbwa mpaka huko. Kwa mji ambao Aprili 2020 ulishuhudia mto Mulongwe ukifurika na kusomba watu na nyumba, kufanya kazi bila kusafiri si anasa.

Tatham, Mwingereza, alianza mwaka 1996 na programu ya Telnet ya Windows. Telnet hutuma nywila waziwazi, na mwaka 1995 Mfini Tatu Ylönen alikuwa ametunga SSH, itifaki inayofumba mazungumzo yote, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake cha Helsinki. PuTTY ikaongezewa SSH mwaka 1998, SSH-2 mwaka 2000, na mwaka 2004 ikatoka pia kwa Unix. Yote hayo yanajulikana.

Kisichosimuliwa ni mwaka 2018, na Tatham mwenyewe ameacha maelezo marefu kuuhusu katika kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo wake. Kufikia wakati huo faili moja, ssh.c, ilikuwa imenenepa kupita mistari 10,000. Kupeana mikono na seva, kuthibitisha mtumiaji, kufungua njia za data, vyote vilikuwa humohumo, vimeshikana. Septemba mwaka huo akaigawa katika tabaka, kila moja na faili yake.

Kisha akageukia mpaka wa ndani. Sehemu ya PuTTY inayozungumza na seva lazima mara kwa mara iseme na upande wa mtumiaji: onyesha maandishi haya, uliza nywila, mwambie ufunguo wa seva umebadilika. Kwa miaka mingi ilifanya hivyo kupitia kielekezi kisichotaja aina, `void *frontend`, ambacho mkusanyaji wa msimbo hawezi kukikagua. Vitendo vyenyewe vya upande huo vilikuwa vya jumla kwa programu nzima: PuTTY ina vyake, Plink, ndugu yake wa mstari wa amri, ina vyake, na ndani ya programu moja huwezi kuwa na vya aina mbili.

Oktoba 2018 akaweka kiolesura kipya, akakiita Seat. Ni orodha ya mambo ambayo upande wa mtandao unaruhusiwa kuuomba upande wa mtumiaji, basi. Ni kama mchukuzi wa bandari ya Kalundu hapa Uvira: anahitaji kujua nani anamkabidhi gunia na nani analipokea. Injini ya boti haimhusu. Wiki hizohizo zikaja TermWin, kwa maombi ya terminali kwa dirisha lake, na LogPolicy, kwa namna ya kushughulikia kumbukumbu za matukio.

Faida yake Tatham aliitaja tangu siku ile: sasa muunganisho mmoja wa SSH ungeweza kufunguliwa ndani ya mwingine, kila mmoja na Seat yake, ili mtu afike kwenye seva iliyojificha nyuma ya nyingine bila kuendesha Plink pembeni. Watumiaji waliipata katika toleo 0.77, Mei 2022. Miaka zaidi ya mitatu kati ya kiolesura na faida yake! Atakayeiita kazi hiyo bure, kwa kuwa hakuna kitufe kipya kilichoonekana, hajawahi kurithi msimbo wa mtu.

Kufikia Januari 2019 Umoja wa Ulaya ulikuwa umetenga euro 90,000 kuwalipa watakaofichua kasoro za PuTTY. Zoezi lilifunguliwa tarehe 7 ya mwezi huo, wakati serikali yetu ilikuwa imefunga intaneti tangu Desemba 31, siku moja baada ya uchaguzi. Siku hizo Mkongomani mwenye kipaji hicho hakuwa na njia rahisi ya kushiriki. Machi likatoka toleo 0.71 lenye marekebisho mengi. Mojawapo laonekana kwa macho: ikoni ndogo ya PuTTY mwanzoni mwa swali linaloulizwa na programu yenyewe, ili seva yenye hila isijifanye ndiyo PuTTY na kukuomba nywila.

Tangu hapo matoleo yamefuatana. Zito kuliko yote ni 0.81 la Aprili 2024, baada ya watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, kuonyesha kwamba saini kama 60 hivi za ufunguo wa aina ya P-521 zinatosha kuufichua ufunguo wenyewe wa siri. Kasoro ilikuwa katika matoleo 0.68 hadi 0.80.

Kwa hiyo faili ya kwenye flashi inahitaji kukaguliwa. Bonyeza ikoni iliyo juu kushoto mwa dirisha, chagua About PuTTY, usome namba. Na kama umewahi kutumia ufunguo wa P-521 na toleo bovu, kubadilisha programu peke yake hakutoshi: ufunguo huo unafutwa kwenye kila seva uliyousajili, na unatengenezwa mwingine.