Tufe la Malakiti: Jiwe Lililoponyoka Tanuri

Tufe la malakiti lenye kipenyo cha sentimita 10 linajaa viganja viwili, na uzito wake ni kama kilo 2. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni shaba. Hapa kwetu Katanga jiwe hilohilo limeyeyushwa kwa mamia ya miaka, tangu tanuri za udongo za wahenga hadi viwanda vya kampuni kubwa. Kwa hiyo kila tufe la malakiti linalokaa juu ya kabati la mkusanyaji, awe Ubelgiji, Marekani au Lubumbashi, ni kipande kilichoponyoka moto. Katika insha hii ninalitazama tufe kama mwanahistoria anavyoitazama hati: limetoka wapi, nani amelifanyia kazi, na limeficha nini. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa kulitengeneza tufe hufuta karibu alama zote za mahali lilipochimbwa. Habari hizo zisipoandikwa na mtu, jiwe lenyewe haliwezi kuzisema.

Kwanza tuiangalie desturi yenyewe. Kukusanya matufe ya mawe si jambo la juzi. Jiwe lililotangulia kupendwa kwa umbo hili ni bilauri, lile jiwe angavu kama barafu. Waswahili tunalijua jina hilo, ingawa leo wengi hulitumia kwa glasi ya kunywea. Katika karne ya 11 mtaalamu al-Biruni aliandika kwamba bilauri iliyochongwa Basra ililetwa na wafanyabiashara kutoka visiwa vya Zanj, yaani upande wa pwani ya Afrika Mashariki. Huko Ulaya watabiri walitazama ndani ya matufe ya bilauri wakitafuta mambo yajayo. Wachina na Wajapani walistadi katika kuyang'arisha, na mji wa Kofu nchini Japani ulijulikana kwa kazi hiyo.

Matufe makubwa yaliishia katika majumba ya makumbusho. Lile la Smithsonian, Washington, lina kipenyo cha sentimita 32.7 na uzito wa kilo 48 na zaidi. Bilauri yake ilitoka Burma, likachongwa China, na likatolewa kwa jumba hilo mwaka 1930. Lingine, la makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Philadelphia, liliibwa mwaka 1988 na kupatikana tena mwaka 1991. Watu wamezoea kulihusisha na Cixi, mjane wa mfalme wa China, lakini uhusiano huo haujathibitishwa. Mfano huu ninautaja kwa makusudi. Tufe lisilo na maandishi huvuta hadithi, na hadithi tamu hukaa mahali pa ukweli.

Mkusanyaji wa leo hatafuti utabiri. Anataka kuwa na aina nyingi za mawe kwa umbo moja, ili tofauti zao zionekane: akiki ya Brazili yenye mistari, jiwe la buluu la Badakhshan nchini Afghanistani, labradoriti ya Madagaska inayowaka rangi unapoigeuza, jiwe la kijani lenye mabaka mekundu ya rubi kutoka Longido, Tanzania, na malakiti ya Kongo. Tufe halina mbele wala nyuma. Ukiligeuza kwenye kigoda chake unaona jiwe limekatwa kila upande kwa wakati mmoja. Kwa malakiti faida hiyo ni kubwa. Malakiti hujijenga tabaka juu ya tabaka kutokana na maji yaliyobeba shaba, na tabaka hizo hutofautiana, nyingine za kijani iliyofifia, nyingine za kijani iliyokolea. Upande mmoja wa tufe unaonyesha mistari iliyolala sambamba. Ligeuze kidogo, mistari ileile inakuwa duara ndani ya duara, kama macho.

Uzuri huo una bei, nayo hulipwa kwa jiwe lenyewe. Chukua mchemraba wa malakiti wenye ubavu wa sentimita 10, uzito wake kama kilo 4. Tufe kubwa kuliko yote linaloweza kutoka humo ni asilimia 52 tu ya mchemraba. Asilimia 48 inakuwa vipande na vumbi. Tena hesabu hiyo ni ya mchemraba usio na ufa wala tundu, na fundi hapati mchemraba kama huo kila siku.

Fundi hukata jiwe kwa msumeno wa almasi, akaondoa pembe, kisha pembe zilizotokana na pembe, mpaka jiwe linakuwa na nyuso nyingi. Halafu huliweka kati ya vikombe viwili au vitatu vya chuma vinavyozunguka vikiwa vimeelekeana. Siri ya mashine hii ni jiometri. Tufe, popote ulikatapo, hutoa duara. Na ukingo wa kikombe ni duara. Jiwe linapogeuka ovyo kati ya vikombe, mahali panapochomoza ndipo panaposagwa, mpaka hakuna panapochomoza tena. Unga wa kusagia huanza mkubwa kama mchanga, huendelea kuwa laini hatua kwa hatua, na mwisho jiwe hung'arishwa kwa ngozi au kitambaa.

Hapa ndipo alama zinapofutika. Jiwe ghafi lina ganda lake: udongo mwekundu, mwamba lililoshikamana nao, na madini mengine yaliyoota kando yake. Mjuzi akiliona anaweza kukisia mgodi lilikotoka. Kwenye tufe ganda hilo limekwisha kusagwa. Imebaki kijani na mistari, na mistari haina jina la mji.

Vumbi nalo lina historia yake. Katika mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, ambao kuanzia miaka ya 1830 ulipokea akiki nyingi kutoka Brazili, wasagaji walilala kifudifudi mbele ya magurudumu makubwa ya mawe yaliyoendeshwa kwa maji, na wengi waliugua mapafu kwa vumbi walilolivuta. Malakiti ni laini kuliko akiki, ugumu wake ni 3.5 hadi 4 tu katika kipimo ambacho almasi ni 10, hivyo kazi yake huenda haraka zaidi. Lakini vumbi lake limejaa shaba. Anayelisaga likiwa kavu bila kufunika pua na mdomo anavuta shaba hiyo kifuani; ndiyo maana fundi makini husaga jiwe likiwa limelowa maji wakati wote. Hakuna mkusanyaji anayeweza kulisoma jambo hili kwa kulitazama tufe linalong'aa.

Sasa turudi Katanga. Kabla ya ukoloni malakiti haikuwa pambo hasa, ilikuwa mawe ya kuyeyusha. Wayeyushaji, ambao waliitwa wakula shaba kwa kuwa ndiyo iliyowalisha, walifanya kazi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapanga makaa na mawe ya kijani, wakavuvia kwa mivuo ya ngozi. Shaba iliyotiririka ilimiminwa katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo imepatikana katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako wanaakiolojia walianza kuchimbua mwaka 1957. Kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana, na hiyo ni dalili kwamba ilitumika kama fedha. Katika karne ya 19 shaba hii ilikuwa moja ya nguvu za Msiri, mtu aliyetoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaweka makao yake Bunkeya na kufanya biashara na pwani zote mbili. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II.

Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alichunguza mawe ya nchi hii. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Hesabu ikawa ya tani. Jiwe zuri na jiwe baya yaliingia tanuri moja.

Wakati huohuo dunia ilihitaji chimbuko jipya la malakiti ya mapambo. Katika karne ya 19 sifa yote ilikuwa ya milima ya Ural nchini Urusi, na chumba cha malakiti katika Jumba la Majira ya Baridi, St. Petersburg, ni ushahidi wake. Lakini mafundi wa Urusi walipasua jiwe kuwa vibao vyembamba vya milimita chache, wakavigandisha juu ya mwamba mwingine ili kidogo kionekane kingi. Tufe zima linadai pande zima. Migodi ya Ural ilipofifia, mapande makubwa yalipatikana Katanga, na katika karne ya 20 Kongo ikawa ndiyo jina la kwanza kwa malakiti iliyong'arishwa.

Ndipo ninapofika kwenye kipande cha karatasi. Tufe lenyewe halina tarehe, lakini kikaratasi kilichobandikwa chini ya kigoda chake kinaweza kuwa nayo, hata pasipo nambari ya mwaka. Nchi yetu imebadilishiwa majina mara nyingi, na kila jina ni saa. Kikaratasi kinachosema "Kongo ya Wabelgiji" kinaelekeza kabla ya tarehe 30 Juni 1960. "Elisabethville" na "Jadotville" ni majina ya kabla ya 1966, ilipokuja Lubumbashi na Likasi. "Zaire" haikuandikwa kabla ya 1971. Jina la mkoa linafurahisha zaidi: kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi 1997 Katanga iliitwa Shaba, neno letu wenyewe la Kiswahili. Gécamines, nayo, ilichukua nafasi ya Union Minière baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967. Hata hivyo tahadhari inahitajika. Watu huendelea kutumia jina la zamani kwa mazoea, basi jina jipya linatuambia kikaratasi hakikuandikwa kabla ya mwaka fulani, lakini jina la zamani halituhakikishii kwamba hakikuandikwa baadaye.

Majina mengine yalipotea kabla hata ya kuandikwa. Mgodi ulio karibu na Lubumbashi ambao wenyeji waliuita Kalukuluku uliingia katika vitabu vya Wazungu kama Nyota ya Kongo, kwa Kifaransa. Mkusanyaji wa Ulaya mwenye jiwe la huko hujua jina la pili. La kwanza analijua nani?

Nimewauliza wauzaji wa vinyago na mawe mjini Lubumbashi matufe yao yametoka mgodi gani. Jibu la kawaida ni "Kolwezi". Kolwezi ni mji wenye migodi mingi, hivyo jibu hilo ni sawa na kusema samaki ametoka ziwani. Siwalaumu. Jiwe limepita kwa mchimbaji, dalali, fundi, kisha muuzaji, na hakuna mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya jina la mchimbaji. Mnunuzi huuliza kama jiwe ni la kweli. Hupima uzito wake mkononi, huhisi ubaridi wake, huangalia kama mistari ina mabadiliko ya asili au inajirudia kama kitambaa kilichochapwa. Akiridhika, analipa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo katika nchi inayotoa shaba kwa maelfu ya tani. Mimi naona kinyume. Tani zina vitabu vyake vya hesabu, zimeandikwa na kampuni na serikali. Tufe halina kitabu. Nalo ndilo sura ya Katanga ambayo mgeni huishika mkononi nyumbani kwake kila siku, huku sisi tukibaki na vumbi na mashimo. Kama kila fundi angeweka kikaratasi chenye mambo manne, yaani mgodi, mwaka, jina la karakana na jina la aliyelisaga, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko unga wa kung'arishia. Na sisi wanafunzi wa historia tunaweza kuanza bila kungoja mtu, kwa daftari na kalamu, kwenye karakana zilizo karibu na shule zetu, tukiandika majina hayo wakati wenyewe bado wapo kututajia.