Mwenendo, Rasimu na Kituo

Mahakamani, yale anayoyaandika hakimu huku shahidi akisema huitwa mwenendo wa shauri. Ni neno lilelile tunalotumia kwa tabia ya mtu. Nalipenda kwa sababu hiyo: anayeandika maneno ya mwenzake anaonyesha pia adabu yake.

Wanaojiandaa kwa kazi hiyo wanafundishwa, pamoja na kwingineko, katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Tuchukue mama wa Mlalo anayedai shamba. Anaeleza mpaka: mti fulani, mfereji, kaburi la babu. Mahakama ya Mwanzo humwandika kwa Kiswahili. Katika ngazi za juu, kwa miaka mingi, shahidi alisema Kiswahili na kalamu ikaandika Kiingereza. Marekebisho ya sheria ya 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Likija suala la rufaa, kwa kawaida jaji hamsikii tena yule mama. Anamsoma. Mfereji ukiandikwa mto, shamba limehama.

Kisha hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka iwe na muhtasari wa shauri, hoja za kuamuliwa, uamuzi, na sababu za uamuzi. Hayo matatu ya kwanza mwanafunzi atayapata kwa kuiga mifano. Sababu haziigiki. Zinataka rasimu, na mtu wa kuisoma rasimu hiyo kabla ya mtahini.

Mtu huyo ndiye adimu vyuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano tangu 1978, na kozi za jina hilo zimeenea nchini. Zina faida kubwa. Lakini jina limeumeza uandishi, na neno stadi humfanya kijana aamini kwamba ni jambo la kumalizwa mwaka wa kwanza. Tasnifu inamkuta mwaka wa mwisho, hana pa kuipeleka.

Tuwe na kituo cha uandishi, mahali pa kupeleka rasimu, basi? Wapo watakaosikia kituo cha polisi au cha afya, mahali pa kwenda ukiwa na kosa au ugonjwa. Mimi nasikia alama za vituo, pale sentensi inapotua. Na kituo cha shairi, mshororo wa mwisho wa ubeti, ambao mara nyingi hurudiwa. Rasimu nayo hurudi, mara ya pili, ya tatu. Jina linafaa.

Kituo cha namna hiyo kikiwapo Lushoto, ningeomba zoezi lake la kwanza litoke mahakamani. Katika kesi za jinai, sheria inampa shahidi haki ya kusomewa ushahidi wake na kutoa maoni juu ya ulivyoandikwa. Mwanafunzi mmoja asimulie, mwenzake aandike, kisha amsomee. Msimuliaji akisema, “Sivyo nilivyosema,” kalamu ianze upya.