Kumbukumbu za Mionzi: Kazi ya Wateknolojia wa Eksirei katika Mwambao wa Kigoma

Historia ya huduma za hospitali mkoani Kigoma imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majengo, magonjwa ya mlipuko na majina ya madaktari, na kwa sababu hiyo kada ya wateknolojia wa mionzi imebaki pembeni ya maandishi hayo. Hawa ni watumishi waliosomea kumweka mgonjwa sawasawa mbele ya mashine ya eksirei, kuchagua kiasi cha mionzi kinachofaa, kupiga picha na kuhakikisha kwamba inasomeka, kazi ambayo ni tofauti na ya daktari wa radiolojia, ambaye huisoma picha hiyo na kuandika majibu. Mgonjwa anayetoka Simbo, kata ya Wilaya ya Kigoma iliyo jirani na Ujiji, awe mkwezi wa michikichi aliyeanguka akavunjika paja, mvuvi wa dagaa mwenye kikohozi kisichopona, au kijana aliyepata ajali ya bodaboda, hupita mikononi mwa mtumishi huyo kabla daktari hajaamua la kufanya. Ukifuatilia mambo yalivyokwenda tangu enzi za ukoloni, utaona kwamba elimu ya kujikinga na mionzi ilikuwapo duniani muda mrefu kabla ya vifaa vya kujikinga kufika katika hospitali za pembezoni, na vifaa navyo vilitangulia kumbukumbu ya kuaminika inayoonyesha kila mtumishi amepokea mionzi kiasi gani katika maisha yake ya kazi.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na madhara yake yalianza kuonekana ndani ya miezi michache tu, kwani mafundi na madaktari waliokuwa wakiijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele ya mionzi walipata vidonda visivyopona. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alikatwa mikono kwa sababu ya saratani na kufariki mwaka 1904. Afrika iliupokea uvumbuzi huo mapema kupitia majeshi, na mwaka 1898 daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Battersby alitumia mashine ya eksirei nchini Sudani, kando ya Mto Naili, kuwachunguza askari waliojeruhiwa. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Stockholm, iliundwa kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ambayo ndiyo chimbuko la tume inayotoa mapendekezo ya viwango hadi leo. Kwa hiyo, mashine zilipokuwa zikienea katika hospitali za Tanganyika chini ya Waingereza, hatari yake ilikwisha kujulikana na kuandikwa, na hakuna anayeweza kusema kwamba watumishi wa Kiafrika waliwekwa karibu nayo katika zama za kutojua.

Reli ya kati ilifika Kigoma Februari 1914, ikiwa imekata zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na umbali huo ndio uliotawala mambo yote ya tiba katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miongo iliyofuata. Kampeni kubwa za tiba za wakati huo, hususan dhidi ya malale, ziliendeshwa kwa darubini na sindano, vitu ambavyo mtu mmoja aliweza kuvibeba hadi kijijini. Eksirei haikubebeka hivyo, kwa kuwa ilihitaji umeme, chumba maalumu, maji safi, dawa za kusafishia filamu na fundi wa kuitengeneza inapoharibika, na kwa sababu hiyo ilikaa kwa muda mrefu katika hospitali chache kubwa. Wasaidizi wa Kiafrika waliohudumu huko walijifunza kazi kwa kusimama kando ya mwenye ujuzi na kuangalia. Walimshika mtoto anayelia asitikisike, walibeba kaseti, yaani kasha bapa linalotunza filamu isipigwe na mwanga, na walisafisha filamu gizani. Kumshika mgonjwa ndiyo kazi iliyomweka mtu karibu zaidi na mionzi, kwa sababu sehemu ya mionzi inayogonga mwili wa mgonjwa hutawanyika pande zote, na mtu anayesimama umbali wa mita moja hupokea takribani mara nne ya kile anachopokea aliyesimama mita mbili. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika uchunguzi wa moja kwa moja, ambapo mionzi iliachwa ikiwaka huku daktari akiitazama taswira kwenye kioo hafifu kinachong'aa gizani, na kabla ya hapo alilazimika kuvaa miwani myekundu kwa muda ili macho yake yazoee giza.

Baada ya Uhuru, mafunzo rasmi yalianza kuchukua nafasi ya kujifunza kwa kuangalia. Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ikawa kitovu cha mafunzo ya kada hii, na kufunguliwa kwa hospitali za Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi, zote mwaka 1971, kuliongeza mahali ambapo kijana kutoka Kigoma angeweza kwenda kusoma, ingawa pote palikuwa mbali na kwao. Moshi ndiko daktari Helmut Diefenthal alikoanzisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, mafunzo ya radiolojia kwa madaktari wasaidizi, kwa kutambua kwamba picha iliyopigwa vizuri haimsaidii mgonjwa pasipokuwa na mtu wa kuisoma. Kwa kiwango cha stashahada, mteknolojia alifundishwa fizikia ya mionzi, anatomia, ufundi wa chumba cha giza na kinga, kisha akapangiwa kituo ambako mara nyingi alijikuta peke yake, bila mkuu wa kada yake wa kumwuliza. Jambo hili la upweke halikupewa uzito unaostahili na wapangaji wa huduma. Muuguzi anayekosea husahihishwa na muuguzi mwenzake, lakini mteknolojia wa hospitali ya wilaya aliweza kufanya kazi miaka mingi bila mtu mwingine mwenye ujuzi wake kuingia katika chumba chake.

Sera za wakati huo nazo zilichangia eksirei kubaki katika hospitali chache. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo na ukaja kuwa mfano kwa dunia, uliweka darubini ya makohozi mbele ya picha ya kifua, kwa sababu darubini ni rahisi, inapatikana hata katika kituo kidogo, na inamtambua mgonjwa anayeambukiza wengine. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa afya ya umma na uliokoa maisha ya wengi, lakini uliondoa sababu kubwa ya kueneza eksirei vijijini. Mwaka huohuo wa 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, nazo hazikurudi hadi mwaka 1991, kwa hiyo huduma Kigoma ilibaki kuwa ya serikali, ikiongozwa na hospitali ya mkoa ya Maweni, na ya misheni, zikiwamo Kabanga ya Wakatoliki, Heri ya Waadventista na ile ya Wabaptisti mjini Kigoma. Shirika la Afya Duniani lilijaribu kuziba pengo kwa kubuni mfumo wa msingi wa radiolojia, mashine sahili iliyoweza kutumia nguvu ya betri na ambayo umbali kati ya chanzo cha mionzi na filamu ulifungwa kwenye sentimita 140 ili mtumishi asibahatishe, na katikati ya miaka ya 1980 likachapisha vitabu vya mwongozo kwa ajili ya watumishi wa hospitali ndogo.

Chumba cha giza kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana humo ndimo hali ya kazi na kiasi cha mionzi vilipokutana. Filamu iliyopigwa ilitolewa kwenye kaseti chini ya taa hafifu nyekundu, ikafungwa kwenye fremu ya chuma na kutumbukizwa katika tangi la dawa ya kuibua taswira, kisha ikasuuzwa, ikawekwa katika dawa ya kuigandisha, ikaoshwa kwa maji yanayotiririka na kuanikwa. Dawa ya kwanza ilitengenezwa ifanye kazi vizuri kwenye nyuzijoto takribani 20, na katika mji wa ziwani ambako joto la mchana hupita kiwango hicho kwa mbali, filamu iligeuka nyeusi haraka au ikafunikwa na ukungu. Dawa ilipozeeka kwa sababu shehena nyingine haijafika, taswira ilitoka hafifu, na mtumishi aliyebanwa na foleni alikuwa na njia rahisi ya kuiokoa, nayo ni kuongeza mionzi. Hivyo uhaba wa dawa ghalani uligeuka kuwa mionzi ya ziada mwilini mwa mgonjwa na katika chumba cha mtumishi, na picha iliyoharibika ikarudiwa, ikawa mionzi mara mbili kwa jibu moja. Hewa ya chumba hicho kilichofungwa ilijaa mvuke wa asidi ya siki na wa kemikali nyingine zinazochoma macho na kifua, na katika miaka ya 1980 wapiga picha za eksirei wa New Zealand na Uingereza walianza kulalamikia maradhi ya njia ya hewa waliyoyahusisha na mvuke huo.

Sheria ya kinga dhidi ya mionzi, Namba 5 ya mwaka 1983, ndiyo iliyoipa nchi chombo cha kwanza cha kusimamia jambo hili, yaani Tume ya Taifa ya Mionzi, na kanuni za utendaji zikafuata mwaka 1990. Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 iliigeuza tume hiyo kuwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye maabara yake Arusha, na mwaka 2007 sheria nyingine ikaunda baraza la kusajili wanataaluma wa radiolojia. Kupitia mfumo huu mtumishi alipewa kipimamionzi cha mtu binafsi, ambacho wengi hukiita beji. Ndani yake mna chembe za madini yanayohifadhi nguvu ya mionzi iliyoyapita, na yanapopashwa moto maabarani hutoa mwanga unaolingana na kiasi cha mionzi hiyo. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa tangu 1990 ni wastani wa millisieverti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, millisieverti ikiwa ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini, huku mionzi ya asili ambayo kila binadamu huipata kutoka ardhini, hewani na angani ikiwa na wastani wa takribani 2.4 kwa mwaka duniani.

Beji yenyewe haimkingi mtu. Kinachomkinga ni ukuta mnene, umbali, muda mfupi na aproni ya risasi, yaani vazi zito lenye madini ya risasi ndani, ambalo hutakiwa kutundikwa kwa sababu likikunjwa hupasuka kwa ndani bila kuonekana kwa nje. Thamani ya beji iko katika kumbukumbu. Mvuvi wa Kibirizi mjini Kigoma huliona wimbi kabla halijampiga, lakini mteknolojia hana ishara yoyote mwilini ya kumwambia kwamba mlango wa chumba unavuja au kwamba kinga ya mashine imelegea, na namba inayorudi kutoka Arusha ndiyo macho yake pekee. Namba hiyo inapochelewa, inapopotea njiani, au beji inapobaki kwenye droo kwa sababu mwenyewe haoni majibu yakimrudia, kinga yote ya sheria hubaki kwenye karatasi.

Wakimbizi walileta sura nyingine ya kazi hii. Tangu Warundi walipokimbia mwaka 1993 na Wakongo mwaka 1996, kambi kama Nyarugusu na Lugufu ziliongeza maelfu ya watu waliohitaji hospitali za mkoa, na wale waliochaguliwa kuhamia Marekani walitakiwa kupigwa picha ya kifua kila mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Hapa mtu anayepigwa mionzi huwa mara nyingi ni mzima wa afya, na kanuni ya kwanza ya kinga, kwamba kila picha iwe na sababu inayozidi madhara yake, hudai uangalifu wa pekee, hasa kwa mwanamke mwenye mimba.

Mabadiliko ya karibuni yamekuwa makubwa kuliko ya nusu karne iliyotangulia. Mwaka 2022 Kigoma, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, ilianza kuunganishwa na gridi ya taifa, na kutokana na fedha za mkopo wa mwaka 2021 wa kukabili athari za UVIKO-19, serikali ilinunua mashine za eksirei za kidijitali na za CT-Skani kwa hospitali za rufaa za mikoa. Chumba cha giza kinatoweka, na mvuke wake pamoja nacho. Lakini filamu ilikuwa na uadilifu wake, kwa kuwa mionzi ikizidi picha iligeuka nyeusi na kila mtu akaliona kosa, ilhali kompyuta huirekebisha picha iliyozidishiwa mionzi ikatoka nzuri, na kosa likaendelea siku baada ya siku bila kusemwa. CT-Skani nayo hutumia mionzi mingi zaidi, kwani uchunguzi mmoja wa kifua waweza kuwa na mionzi mara makumi kadhaa au zaidi ya ile ya picha ya kawaida.

Kwa hiyo deni la zamani, yaani kumbukumbu ya kuaminika ya mionzi ya kila mtumishi, bado halijalipwa. Mteknolojia anayehamishwa kutoka Kasulu kwenda Maweni, au kutoka hospitali ya misheni kwenda ya serikali, anapaswa kuhama na jumla ya mionzi aliyoipokea tangu siku yake ya kwanza kazini, ikiwa mikononi mwake na katika jalada la mwajiri mpya, kama anavyohama na cheti chake cha usajili. Waajiri, baraza na Tume ya Nguvu za Atomu wanaweza kulitimiza hili kwa vifaa vilivyopo leo, na wateknolojia wenyewe wana haki ya kulidai kwa maandishi.