Mashine ya majani isiyowaka, na ilikotoka

Najua nimewatupa siku nyingi, kazi zilibana. Leo namjibu mjomba wa Moshi, na nyote mnaouliza swali kama lake msome. Mjomba anataka nimpakilie mashine tatu za kukatia majani kwenye kontena, aanze kuchukua kazi za mahoteli na mashule. Amesikia Stockholm zinauzwa kwa bei ya kutupa. Ni kweli kabisa, ila nyingi za bei hiyo haziwaki. Na hela anayotaka kununulia ni ya mkopo, kwa hiyo hili si jambo la kubahatisha. Nikaanza kufuatilia ukoo wa mashine yenyewe, na nimekuta mambo.

Aliyeibuni ni Mwingereza, Edwin Budding, fundi wa mji wa Stroud. Kule kulikuwa na viwanda vya nguo za sufu, na viwandani kulikuwa na mashine yenye visu vilivyozungushwa kama pipa, vikinyoa vinyweleo juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding akajiuliza, kama inanyoa kitambaa, kwa nini isinyoe nyasi? Mwaka 1830 akapata hataza. Husimuliwa kwamba aliijaribu usiku majirani wasimwone. Mojawapo ya mashine za kwanza ilikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, London. Huyohuyo Budding anatajwa pia kati ya waliobuni spana ya kurekebishwa, ile mafundi wetu wanayoiita spana malaya (samahani wazee, ndilo jina lake gereji). Waswidi nao watakwambia spana hiyo ni yao, ya Johan Petter Johansson wa Enköping, mwaka 1892. Mimi ugomvi huo siuingilii.

Sasa Stockholm. Msifikiri watu wa hapa walizaliwa na ukoka mlangoni. Miaka 100 na kitu iliyopita wafanyakazi wa mji huu walibanana kwenye vyumba, familia nzima chumba na jiko. Mwaka 1906 mama mmoja mwanasiasa, Anna Lindhagen, akaanzisha chama cha kuwapatia vijishamba vidogo ndani ya mji. Vijishamba hivyo bado vipo Eriksdalslunden na Tantolunden, na ukipita majira ya joto utaona vibanda vidogo vya mbao vimepakwa rangi nzuri. Lakini zamani ilikuwa viazi na kabichi, nani angepoteza ardhi kwa nyasi za kutazama? Kuanzia 1927 manispaa ikaanza kuwasaidia watu wa kipato kidogo kujijengea nyumba zao pembezoni, kama kule Enskede: mji unatoa vifaa, wewe unatoa mikono yako. Nyumba ikaja na kiwanja, na viazi vilipoanza kununuliwa dukani, kiwanja kikawa ukoka.

Kwetu ukoka ulipitia mlango mwingine. Mwaka huohuo wa 1906 ndipo klabu ya gofu ya wakoloni Nairobi ilianzishwa, ile inayoitwa Royal Nairobi hadi leo. Na ajabu ni kwamba moja ya nyasi zinazopandwa sana kwenye viwanja vya Australia na California ni nyasi ya Kikuyu, ya nyanda zetu za juu. Wametuuzia mashine, nyasi wamechukua bure!

Kampuni ya Husqvarna mnaijua kwa misumeno. Ilianza 1689 ikitengeneza bunduki za mfalme. Mahitaji ya bunduki yalipopungua ikaingia kwenye vyerehani, baiskeli na pikipiki. Mwaka 1918 ikanunua kiwanda cha kuyeyushia chuma cha Norrahammar, na huko ndiko ilikopatia mashine za majani za kusukuma kwa mkono. Ya injini ikaja 1947. Huko Marekani, Briggs & Stratton walitoa injini nyepesi ya aluminiamu mwaka 1953, bei ikashuka, na mtu wa kawaida akaacha kusukuma. Hapo ndipo tatizo la "haiwaki" lilipozaliwa. Ile ya Budding haikuwa na cha kuwaka!

Huku mashine hulala stoo tangu Oktoba hadi Mei. Petroli inayobaki kwenye kabureta inakauka na kuacha utando unaoziba vijitundu vyake. Na tangu tarehe 1 Agosti 2021 petroli ya kawaida ya Sweden ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inavuta unyevu. Wenye akili wanatumia petroli ya alkileti, ambayo Waswidi waliianza kuiuza 1988. Ni safi na hukaa muda mrefu, lakini ni ghali.

Kwa hiyo mjomba, nikienda kuangalia mashine nitafanya hivi. Kwanza namwaga petroli ya zamani na kutia mpya. Nafungua filta ya hewa. Nachomoa plagi: ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, mafuta hayafiki, kabureta imeziba. Hiyo inasafishika, nanunua. Ikiwa imelowa, naangalia cheche. Bila cheche, huenda ni plagi tu, au waya, au koili. Ila kama cheche ipo, mafuta yapo, na kamba inakurudisha mkono kwa nguvu, nauliza kama kisu kiligonga jiwe. Kuna kipande kidogo cha chuma laini kinachoshika gurudumu zito la juu ya injini. Kisu kikigonga, kinakatika au kujipinda, na cheche inatoka wakati usio wake. Kipande chenyewe ni bei ndogo, lakini kama mhimili wa kisu nao umepinda naondoka zangu.

Siku hizi nyumba nyingi ninazopita zina roboti inayojikatia yenyewe (Husqvarna walitoa ya kwanza 1995, ya nguvu ya jua), ndiyo maana za petroli zinatupwa. Nimeshaona mbili za kabureta tu. Ya tatu siitaki, mhimili umepinda. Mjomba, uliza kwanza hapo Moshi kama plagi na filta za injini hizi zinapatikana, unijibu kabla sijalipa.