Seva ya ufuatiliaji wa miundombinu
Seva ya ufuatiliaji ni kompyuta inayokagua mfululizo hali ya mitambo mingine ya mtandao na kutoa tahadhari hitilafu inapotokea. Miongoni mwa programu huria za kazi hiyo, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, ni Zabbix ya Alexei Vladishev wa Latvia, iliyotolewa hadharani mwaka 2001. Huwekwa kwenye Linux pamoja na hifadhidata, kisha wakala, programu ndogo inayopima kichakata, kumbukumbu na diski, husakinishwa katika kila mashine na kwa kawaida hujibu kupitia mlango 10050. Katika mji kama Migori, nchini Kenya, ambako umeme ukikatika ruta huzimika, seva hiyo lazima iwe na betri yake na tahadhari zipitie mtandao wa simu, la sivyo itazimika pamoja na vifaa inavyovichunga bila kumwarifu mtu.