Uvuvi wa Masika katika Delta ya Rufiji: Hali ya Maji na Uchaguzi wa Zana

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

Mvua za masika, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Machi na Mei, hubadilisha uvuvi wa Delta ya Rufiji kwa kiasi kikubwa. Maji ya mto huongezeka, chumvi hupungua katika hori, na kamba waliokulia kwenye mizizi ya mikoko huanza safari ya kurudi baharini. Makala haya yanaeleza hali hiyo, zana zinazofaa katika kila hatua, na mambo ambayo mvuvi anapaswa kuyazingatia ili msimu ujao nao uwe na mavuno.

Chanzo cha maji na makazi ya samaki

Mto Rufiji huanzia mahali ambapo mito ya Kilombero na Luwegu inakutana, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu kabla ya kumwaga katika Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Sehemu kubwa ya delta yake ipo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Hapa ndipo ulipo msitu mkubwa zaidi wa mikoko katika pwani ya Tanzania, wenye mikoko yenyewe, mchu, msinzi, mkandaa, mkomafi na msikundazi. Mwaka 2004, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Thamani ya msitu huo kwa mvuvi inaonekana katika maisha ya kamba. Kamba waliokomaa hutaga mayai baharini. Viluwiluwi huelea kwa majuma kadhaa, huingia katika hori pamoja na maji yanayojaa, kisha hukaa kwa miezi kadhaa katika tope lenye kivuli na chakula kingi. Mafuriko ya masika yanapopunguza chumvi, kamba wanaoelekea kukomaa hutoka kuelekea maji ya kina, ambako watataga. Mvuvi wa masika, kwa hiyo, huwakuta njiani.

Kusoma maji

Mambo matatu huamua mavuno ya siku: mwezi, mto na upepo.

Bamvua hutokea karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, mkondo huwa mkali, na kamba husukumwa kutoka katika hori wakati maji yanapokupwa. Maji mafu, yanayofuata takriban juma moja baadaye, huwa na mkondo mpole.

Mto ukiwa umefurika, maji hugeuka rangi na kubeba magogo na majani. Samaki wa maji baridi, kama kambare na perege, hushuka hadi maeneo ambayo wakati wa kiangazi yana chumvi, ilhali wale wapendao chumvi husogea karibu na milango ya mto.

Masika yanapokwisha, kusi hushika kasi na bahari iliyo nje ya delta huchafuka. Mitumbwi midogo hubaki salama zaidi ndani ya hori. Kila anayekusudia kuvuka kutoka Nyamisati au vijiji vya visiwani anashauriwa kufuatilia kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Zana kwa kila hali

Kimia, yaani wavu wa kurusha kwa mkono, hufaa kwa kamba na mkizi katika maji ya kina kifupi, hasa maji yanapoanza kukupwa wakati wa bamvua. Faida yake nyingine ni kwamba mvuvi huona alichokipata papo hapo, na anaweza kuwarudisha wadogo wakiwa hai.

Nyavu za kutega hufanya kazi vizuri wakati wa maji mafu. Maji yenye tope huwazuia samaki kuuona wavu, lakini mkondo mkali na magogo ya mafuriko huweza kuuchana au kuuzoa. Ni vyema zikaguliwe mara kwa mara.

Mshipi hutegemea aina ya samaki. Katika maji machafu, changu hushindwa kuona chambo, ila hongwe hukitafuta kwa ndevu na kwa harufu. Hivyo kipande cha kamba au cha dagaa kilichowekwa karibu na tope hufaa zaidi.

Wando na dema hutegemea kujaa na kupwa kwa maji. Hata hivyo, uzio unaoziba hori lote hukamata kila kinachotoka, wakiwemo kamba ambao hawajawahi kutaga. Vivyo hivyo kwa chandarua: mfuko mmoja wa kamba wachanga ni sehemu ya mavuno yaliyokuwa yapatikane baadaye katika maji ya nje. Kwa upande wa kaa wa mikoko, majike yenye mayai yarudishwe majini.

Bwawa na mustakabali wa kamba

Nchini Msumbiji, watafiti wamehusisha wingi wa kamba wa Benki ya Sofala na kiasi cha maji ya Mto Zambezi, ambao mtiririko wake ulibadilika baada ya Bwawa la Cahora Bassa kuanza kujazwa mwishoni mwa mwaka 1974. Funzo hilo linaihusu Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliathiri makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na yalionyesha kwamba wakazi wa bondeni wanahitaji kinga dhidi ya maji mengi. Kamba nao wanahitaji maji ya kutosha kwa wakati wake.

Wajibu wa mvuvi

Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya Mwaka 2003 na kanuni zake. Mvuvi anatakiwa kuwa na leseni, na chombo chake kisajiliwe. Matumizi ya vilipuzi na sumu ni kosa, na juya la kukokota limepigwa marufuku. Kabla ya kununua wavu, mwananchi anashauriwa kumuuliza Afisa Uvuvi wa Halmashauri ukubwa wa macho unaoruhusiwa kwa samaki anaokusudia kuwavua. Taarifa za uvuvi haramu zipelekwe kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha kijiji husika.